Kipimo cha kamera ya tumbo na maswali yaliyokitangulia: tathmini ya kliniki moja ya Dar es Salaam

Mama yangu ana umri wa miaka 61, na kwa muda wa miezi mitano alikuwa akijishika chembe cha moyo kila alipomaliza kula. Kila aliyemwona akijishika pale, awe jirani, shemeji au muuza dawa, alimpa jina lile lile la ugonjwa, yaani vidonda vya tumbo, na kila jina lilikuja na dawa yake. Tathmini hii inahusu kliniki ya magonjwa ya mfumo wa chakula katika hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam, ambako hatimaye nilimpeleka kufanyiwa kipimo cha endoskopia, ambacho wengi wetu tunakiita kipimo cha kamera. Jina la hospitali nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa nina sifa nyingi za kuitolea na pia malalamiko ambayo hayatakosekana kwingineko.

Nianze na hali tuliyokuwa nayo kabla ya kufika huko, kwa sababu bila kuieleza sitaweza kuonesha thamani ya tulichokipata. Mama alikuwa ananunua omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, katika duka la dawa la mtaani, anameza wiki mbili, anapata nafuu, anaacha, na maumivu yanarudi. Baadaye alipimwa damu kwa kile kipimo cha haraka cha Helicobacter pylori, bakteria wanaoweza kusababisha vidonda vya tumbo, kikaonesha kuwa anao, akapewa mchanganyiko wa omeprazoli na antibiotiki mbili. Miezi miwili baada ya kumaliza dozi alipimwa tena kwa kipimo kile kile, kikasoma vile vile, akapewa dozi ya pili. Hakuna aliyemweleza kwamba kipimo kile cha damu hutafuta kinga ambazo mwili umezitengeneza dhidi ya bakteria, na kwamba kinga hizo huweza kubaki mwilini kwa miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria wenyewe kufa. Mtu aliyekwisha kupona anaweza kuendelea kuambiwa kuwa anaumwa, akatibiwa mara ya pili na ya tatu kwa dawa zenye nguvu asizozihitaji. Kujua kama bakteria wapo sasa hivi kunahitaji kipimo cha kinyesi, cha pumzi, au cha kipande kidogo cha nyama kinachotolewa ndani ya tumbo lenyewe.

Lililonisikitisha zaidi nililigundua baadaye. Katika dirisha lile lile la duka la dawa alikonunua omeprazoli, mama alikuwa ananunua pia diklofenaki ya maumivu ya magoti, karibu kila siku, kwa zaidi ya mwaka. Muuzaji yule yule alimpa dawa inayoweza kuchimba kidonda na dawa ya kukituliza, mara nyingine katika bahasha moja, na hakuwahi kumuuliza swali lolote.

Siku ya kwanza kliniki hatukupelekwa kwenye kamera. Tulipelekwa kwa daktari, na mazungumzo yale yalichukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Alimwamkia mama kwa heshima, akasubiri apumzike kidogo baada ya kupanda ngazi, kisha akasema, "Mama, nioneshe kwa kidole kimoja mahali panapouma, usioneshe kwa kiganja." Mama alionesha katikati, chini kidogo ya mfupa wa kifua. Daktari akauliza kama maumivu hukaa hapo hapo au hupanda kifuani, huenda ubavu wa kulia, huzunguka begani, au hupenya mpaka mgongoni. Akauliza kama chakula huyatuliza au huyachochea, kama humwamsha usiku, kama hupata kiungulia akiinama au akilala, kama amepungua uzito, kama chakula hukwama kikishuka, kama hushiba baada ya matonge machache, na choo chake kina rangi gani. Swali hili la mwisho mama alilijibu kwa aibu na kwa sauti ya chini. Daktari hakulipita haraka. Alimweleza kwamba choo cheusi kama lami, kinachonata na chenye harufu kali, huwa ni damu iliyosagwa na tumbo, na kwamba hata vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu huweza kufanya choo kiwe cheusi, ndiyo maana anauliza pia kama anavitumia.

Kisha akamwomba atoe dawa zote alizonazo. Mama alitoa zile za tumbo. Daktari akauliza, "Na nyingine, mama, hata zile usizozihesabu kuwa za tumbo?" Ndipo diklofenaki ilipotoka mkobani. Mama alisema ni za magoti tu. Daktari aliziweka peke yake upande wa pili wa meza, akaeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kwamba kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda utando wa ndani wa tumbo dhidi ya asidi yake. Kwa sababu hiyo kuzimeza baada ya kula hakutoshi kumlinda mtu, na hata zikichomwa kwa sindano hudhuru vile vile, kwa kuwa madhara yake makubwa hupitia kwenye damu. Mimi nina elimu ya chuo na sikuwa ninalijua hili. Nilidhani sindano huliruka tumbo.

Hapo nitaje jambo ambalo limenikaa kichwani tangu siku ile. Lugha yetu hutumia neno moja, tumbo, kwa sehemu yote ya mwili iliyo chini ya kifua na kwa kile kifuko kimoja kinachopokea chakula. Mtu akisema tumbo linamuuma na mwingine akasema vidonda vya tumbo, maneno hukutana haraka mno, na ugonjwa unakuwa umekwisha kupewa jina kabla ya mgonjwa kuguswa. Ilhali eneo lile la juu, kuanzia chini ya mbavu mpaka kukaribia kitovu, ni nyumba yenye wapangaji wengi, na kelele za chumba kimoja husikika katika chumba kingine. Kuna umio unaoteremsha chakula, kuna mfuko wa chakula wenyewe, kuna mwanzo wa utumbo mwembamba ambako vidonda vingi hutokea, kuna ini upande wa kulia na kifuko cha nyongo chini yake, kuna kongosho nyuma kabisa karibu na uti wa mgongo, na wengu upande wa kushoto. Juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kuna moyo na sehemu ya chini ya mapafu, ambavyo navyo huweza kuuma kama vile ni tumbo.

Nilimuuliza daktari kwa nini anataka pia picha ya ultrasaundi wakati tumekuja kwa ajili ya kamera. Alinieleza kwamba kamera huona ndani ya njia ya chakula tu, na haiwezi kuona mawe ndani ya kifuko cha nyongo wala jipu kwenye ini. Maumivu ya mawe ya nyongo kwa kawaida huja kwa vipindi, mara nyingi baada ya mlo wenye mafuta, hushika chini ya mbavu za kulia au katikati, huweza kupanda mpaka kwenye bega la kulia au kati ya mabega, na hudumu kwa nusu saa hadi saa kadhaa kisha hutulia. Watu wenye ugonjwa wa siko seli hupata mawe haya wakiwa bado vijana, kwa sababu chembe zao za damu huvunjika mapema, jambo ambalo familia nyingi za kwetu zenye ugonjwa huu zingefaa kulifahamu. Alitaja pia ini, kwa kuwa homa ya ini aina ya B bado ni nyingi katika nchi zetu na hukaa kimya kwa miaka, na akataja kichocho cha tumbo kwa wale waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria, kinachoweza kuathiri ini na mishipa yake mpaka mtu akatapika damu bila kuwa na kidonda chochote tumboni. Mama hajawahi kuishi Kanda ya Ziwa, lakini aliulizwa.

Ultrasaundi ilifanyika siku ile ile na ilionesha jiwe moja dogo kwenye kifuko cha nyongo. Nilishtuka, nikaona tumepata jibu. Daktari alituliza haraka yangu: watu wengi hutembea na mawe ya namna hiyo maisha yao yote bila kuumwa, na maumivu ya mama hayakufanana na ya nyongo, kwa hiyo jiwe lile lisilo na lawama lingeachwa lilivyo na lingekumbukwa tu iwapo dalili zingebadilika. Hapa ndipo nilipoanza kuiamini kliniki hii. Hospitali yenye haraka ya kufanya upasuaji ingeweza kutulaza wiki ile ile, tukarudi nyumbani bila kifuko cha nyongo na maumivu yakiwa yale yale.

Kabla ya kupangiwa siku ya kamera, mama alipimwa umeme wa moyo. Alilalamika kwamba haumwi moyo. Muuguzi akamweleza kwamba kwa wanawake, kwa wazee na kwa wenye kisukari, shambulio la moyo wakati mwingine halijitokezi kwa maumivu ya kifua bali kwa kubanwa chembe cha moyo, jasho la baridi, kichefuchefu na pumzi kukatika. Wazee wetu waliopaita pale chembe cha moyo hawakukosea sana.

Kipimo kilipangwa baada ya wiki mbili, na mama aliambiwa aache omeprazoli kwa muda huo wote, kwa kuwa humfanya bakteria ajifiche na kipimo kisome kwamba hayupo. Kwa antibiotiki muda unaotakiwa ni wiki nne tangu dozi iishe, na kwake ulikuwa umekwisha kupita. Diklofenaki iliachwa siku ile ile. Siku ya kipimo alikaa bila kula tangu usiku. Alipuliziwa dawa ya ganzi kooni, akalazwa kwa ubavu wa kushoto, akawekewa kifaa cha kung'ata ili asiume mrija, na akachomwa dawa ya kumtuliza. Muuguzi mmoja alimshika bega muda wote na kumwelekeza avute pumzi taratibu kwa pua. Shughuli yenyewe haikufika dakika kumi na tano. Mama anasema alihisi kama anataka kutapika mara mbili, koo lilikereketa mpaka jioni, na hakumbuki mengine. Kwa aliyekuwa na hofu kiasi cha kuaga majirani, hiyo ni sifa kubwa kwa waliomhudumia.

Walikuta kidonda kimoja kwenye mfuko wa chakula, sehemu ya chini, hakivuji damu. Walichukua vipande vidogo vya nyama, kimoja cha kutafuta bakteria na vingine vya kupeleka maabara. Kile cha bakteria kiliwekwa kwenye kadi yenye dawa ya manjano ambayo hugeuka pinki bakteria wakiwapo. Haikugeuka, na maabara nayo baadaye haikuwaona bakteria. Kwa hiyo bakteria walikuwa wamekwisha, huenda tangu dozi ya kwanza, ya pili huenda alimeza bure, na aliyebaki wa kushukiwa kwa kumchimba ni dawa ya magoti.

Kuhusu bakteria huyu, ninaona haja ya kuwatetea wagonjwa dhidi ya lawama moja ya zamani. Mama alikuwa ameambiwa mara nyingi kwamba vidonda vyake vinatokana na mawazo, na alikuwa ameanza kujilaumu kwa kumlilia sana marehemu baba. Imani hiyo iliwahi kutawala hata katika hospitali kubwa za dunia, mpaka madaktari wawili wa Perth huko Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walipoonesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba bakteria huyu huishi tumboni na ndiye chanzo cha vidonda vingi; Marshall mwenyewe alikunywa mchuzi wenye bakteria hao mwaka 1984 akapata uvimbe wa utando wa tumbo, na wote wawili wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki ndio visababishi vikuu vya vidonda. Mawazo huweza kuongeza maumivu na kumnyima mtu usingizi, lakini mjane hapaswi kuambiwa kwamba huzuni yake ndiyo iliyomtoboa tumbo.

Sasa malalamiko yangu. Karatasi ya maelekezo tuliyopewa, inayoeleza muda wa kutokula, dawa za kuacha na dalili za hatari baada ya kipimo, iliandikwa kwa Kiingereza peke yake. Mama yangu anasoma vizuri sana, anasoma Kiswahili. Nilimtafsiria mimi, lakini niliwaona wazee wawili waliokuja peke yao wakiikunja na kuitia mfukoni. Mmoja wao alirudishwa nyumbani siku ya kipimo kwa sababu alikuwa amekunywa uji wa asubuhi, akiwa amesafiri kutoka Kibiti. Hili ni kosa linaloweza kurekebishwa kwa siku moja na mtu mmoja mwenye kompyuta, na kutolirekebisha ni kutomheshimu mgonjwa.

Jambo la pili ni malipo. Risiti yao ni nzuri, inatenganisha ada ya daktari, kipimo, dawa ya kutuliza na maabara, lakini gharama ya maabara kwa vile vipande vya nyama hatukuambiwa mpaka mama alipokuwa tayari ameamka na tunatakiwa kulipa. Kidonda cha kwenye mfuko wa chakula huchukuliwa vipande kwa sababu saratani huweza kujionesha kama kidonda cha kawaida, kwa hiyo sina ubishi na haja yake. Ubishi wangu ni kwamba mtu anayelipa fedha taslimu anapaswa kujua mapema. Tatu, chumba cha kuamkia kina vitanda vichache, na mama alikalishwa kwenye benchi akiwa bado anasinzia. Majibu ya maabara yalichelewa kwa wiki moja zaidi ya siku tuliyoahidiwa, wiki ambayo sikulala vizuri hata siku moja. Yalikuja bila saratani.

Ni lazima niseme pia kwamba kliniki hii hufanya kazi kwa miadi, na kuna maumivu ya juu ya tumbo ambayo hayapaswi kusubiri miadi yoyote. Anayetapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, anayepata choo cheusi kama lami, au anayeshikwa ghafla na maumivu makali huku tumbo likiwa gumu kama ubao, aende idara ya dharura saa hiyo hiyo, usiku au mchana, kwa sababu kidonda huenda kinavuja damu au kimetoboka. Vivyo hivyo kwa mwenye maumivu mazito yasiyokatika yanayopenya mgongoni na kutapika mfululizo, ambayo huweza kuwa ya kongosho, hasa kwa mnywaji wa pombe au mwenye mawe ya nyongo. Kwa mwenye maumivu yanayoambatana na homa, kutetemeka na macho kuwa ya manjano. Na kwa yule wa jasho la baridi na kukosa pumzi niliyemtaja juu. Mwenye kisukari anayeumwa tumbo, anayetapika na kuhema kwa kasi naye asibaki nyumbani.

Mjamzito aliyevuka wiki 20 namweka peke yake. Maumivu chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe cha moyo, hasa yakija pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au uso na mikono kuvimba, yaweza kuwa dalili ya shinikizo la damu la ujauzito linaloelekea kifafa cha mimba. Huyo asipewe dawa ya kiungulia dukani. Apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo.

Walio katikati, ambao hawako hatarini leo lakini hawapaswi kuendelea kununua vidonge, ndio hasa wa kliniki kama hii: aliyepungua uzito bila kujitaabisha, anayekwamiwa na chakula, mwenye upungufu wa damu usioelezeka, anayetapika mara kwa mara, na mtu mzima wa kuanzia miaka 55 hivi ambaye maumivu haya kwake ni mapya. Kukwama kwa chakula ninakusisitiza kwa sababu saratani ya umio ni nyingi Afrika Mashariki, na wengi hufika hospitali wakiwa hawawezi tena kumeza hata uji.

Mama alitibiwa kwa omeprazoli kwa wiki nane, akimeza nusu saa kabla ya kifungua kinywa, jambo ambalo hakuwahi kuelekezwa dukani. Magoti yanatulizwa kwa parasetamoli na mazoezi aliyofundishwa na mtaalamu wa viungo wa hospitali hiyo hiyo. Tulirudi baada ya wiki kumi kwa kamera ya pili, ambayo hufanywa ili kuthibitisha kwamba kidonda cha mfuko wa chakula kimefunga kweli, na kilikuwa kimefunga. Safari hii nilikuta karatasi ya maelekezo bado ni ile ile ya Kiingereza, nikaandika malalamiko yangu kwenye daftari la mapokezi na kuacha namba yangu ya simu kwa yeyote atakayehitaji msaada wa kuitafsiri.

Anayepanga kwenda afike kabla ya saa moja asubuhi, aende na ndugu wa kumrudisha nyumbani kwa sababu dawa ya kutuliza haimruhusu kuendesha chombo siku hiyo, aulize gharama za maabara kabla ya kulala kitandani, na abebe dawa zake zote katika mfuko mmoja, zikiwamo zile za magoti.